Asidi Haiji Yenyewe: Kusoma Pumzi Chini ya Mlima Meru

Sekei imekaa miguuni mwa Mlima Meru, jirani na hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopewa jina la mlima huohuo. Mtu anayepanda mlima huo, akishafika kibanda cha Saddle kwenye mita 3,570 hivi, huhema kwa nguvu hata akiwa ameketi. Mtoto aliyelazwa wodini na malaria kali naye huhema kwa nguvu, kifua kikipanda na kushuka mpaka mama yake anasema mwanangu amebanwa. Ukiwatazama kwa macho tu utadhani shida yao ni moja. Ukipima damu zao majibu yatapishana: ya mpandaji imeelemea upande wa alkali, ya mtoto imezama upande wa asidi. Kwa mpandaji, pumzi ndiyo iliyoibadilisha damu. Kwa mtoto, damu iliyobadilika ndiyo inayoisukuma pumzi.

Naishikilia tofauti hiyo kwa sababu makosa mengi, ya mtaani na ya wodini, huzaliwa pale watu wanapohangaika kuifuta asidi kabla ya kuuliza imetoka wapi.

Damu ya ateri ya mtu mwenye afya ina pH kati ya 7.35 na 7.45. Nafasi hiyo ni finyu kuliko inavyoonekana, maana kipimo cha pH hakiendi kwa hatua sawa: damu ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.1, haidrojeni inayoleta asidi imekuwa maradufu. Chini ya 6.8 au juu ya 7.8 wanaopona ni wachache. Na mwili hauachi kutengeneza asidi hata siku moja. Mtu mzima huzalisha takriban milimoli 15,000 za hewa ukaa kila siku kutokana na chakula anachokiunguza, na hewa hiyo ikikutana na maji ya damu huwa asidi. Mapafu huitoa yote. Fungua chupa ya soda uiache mezani: gesi ikitoka, ule ukali wa ulimini hupungua. Kazi ya mapafu ni hiyohiyo, na yanaweza kuiongeza au kuipunguza ndani ya dakika chache. Ipo asidi nyingine isiyogeuka kuwa hewa, hasa itokanayo na protini, kama milimoli 70 kwa siku. Hiyo ni ya figo, nazo hazina haraka. Huchukua siku mbili tatu kubadili mwendo. Figo hizohizo huchuja na kurudisha kwenye damu zaidi ya milimoli 4,000 za bikabonati kila siku, chumvi ya alkali ambayo ipo pia katika magadi ya jikoni, ili isiishie kwenye mkojo.

Mmarekani Lawrence Henderson aliieleza kanuni ya mizani hii mwaka 1908, na Mdenmaki Karl Hasselbalch akaiandika kwa hesabu ya pH mwaka 1916. Kiini chake ni kwamba pH hutegemea uwiano wa bikabonati na hewa ukaa, wala si wingi wa mojawapo. Figo huongoza bikabonati, mapafu huongoza hewa ukaa. Upande mmoja ukiharibika, wa pili hufidia, lakini mara nyingi fidia haifiki mwisho. Kwa hiyo daktari anayeona namba mbili zimehama pamoja hulazimika kujua ipi ilianza.

Uzito wa swali hilo ulionekana Copenhagen mwaka 1952. Polio ililipuka, na katika hospitali ya Blegdam wagonjwa wakapooza misuli ya kupumulia na kufa kwa wingi. Maabara ilionyesha bikabonati imepanda, na madaktari wakaamini damu imezidi alkali kwa sababu wasiyoijua. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, akakataa. Alisema hewa ukaa imenaswa mwilini kwa kuwa wagonjwa hawapumui vya kutosha, na damu ile ni ya asidi. Wagonjwa wakatobolewa koo na kupumuliwa kwa mifuko ya mpira, wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakipokezana zamu mchana na usiku. Vifo vikashuka sana. Poul Astrup, aliyekuwa akiongoza maabara, alipima pH na kuthibitisha kauli ya Ibsen. Wodi za mahututi tunazozijua leo, na mashine za kupima gesi za damu, zina mizizi yake katika miezi ile.

Turudi mlimani. Kwenye kilele cha Meru, zaidi ya mita 4,560 kutoka usawa wa bahari, shinikizo la hewa limebaki zaidi kidogo ya nusu ya lile la Tanga. Ubongo huamuru pumzi iongezeke ili oksijeni ipatikane, na hewa ukaa hufukuzwa kupita kiasi. Hapo ubongo hupokea habari mbili zinazopingana: oksijeni haitoshi, kwa hiyo pumua, asidi imepungua mno, kwa hiyo tulia. Usiku katika vibanda vya Miriakamba na Saddle mtu aliyelala huvuta pumzi kadhaa za nguvu, kisha pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa, kisha hushtuka na kuanza upya. Mgeni huogopa akisikia mwenzake amenyamaza. Waongozaji na wapagazi, wale wanaoitwa wagumu, wameshaizoea hali hiyo.

Figo zikipewa siku chache humwaga bikabonati kwenye mkojo, na ubongo hupata ruhusa ya kuendelea kupumua kwa kasi inayofaa. Hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya wengi wapande Meru kabla ya kujaribu mita 5,895 za Kilimanjaro. Asetazolamaidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox, huifupisha safari hiyo: huzilazimisha figo kumwaga bikabonati mapema, hivyo inaleta asidi kidogo kwa makusudi ili kuondoa kizuizi cha alkali. Anayeimeza hukojoa sana, vidole vinamchonyota, na soda humpotea ladha. Haimwokoi mtu ambaye ubongo umeshaanza kuvimba au mapafu kujaa maji. Huyo lazima ashushwe. Mwaka 2007 madaktari waliopanda Everest walichomana sindano kwenye ateri za mapaja wakiwa mita 8,400 juu, na wakakuta hewa ukaa ya damu zao imeshuka hadi kama milimita 13 za zebaki, ilhali kawaida ni 40.

Hata Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, mlima umeshaanza. Huko Denver nchini Marekani, mji ulio juu zaidi kidogo, inajulikana kwamba wakazi wenye afya wana hewa ukaa chini ya 40. Anayesoma majibu ya gesi za damu huku kwetu kwa viwango vya pwani anaweza kuiona alkali ambayo kwa mwenyeji ni ya kawaida, au, kibaya zaidi, kumwona ni mzima mgonjwa wa pumu ambaye hewa ukaa yake imerudi 40 kwa sababu amechoka kupumua.

Sasa mtoto wa wodini. Mkoa wa Arusha ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa Tanzania Bara, na neema hiyo ina upande wake wa hatari: anayeshuka kwenda Tanga au Morogoro likizo hurudi na vimelea katika mwili usio na kinga ya mazoea. Ujuzi mkubwa kuhusu pumzi ya mtoto huyo umetoka katika mwambao wetu wenyewe. Mwaka 1995 Kevin Marsh na wenzake wa kituo cha utafiti cha Kilifi, Kenya, walionyesha kwamba kati ya dalili zote za malaria kali ya watoto, mbili zinazoonekana kitandani bila mashine ndizo zilizobeba vifo vingi zaidi: kupungukiwa fahamu na kupumua kwa shida. Mike English na wenzake wakaifuata ile ya pili. Watoto hawa walikuwa wakidhaniwa kuwa na kichomi au moyo ulioshindwa, na wengine walipewa dawa za kukojoza. Wengi wao mapafu yalikuwa salama. Pumzi yao ilikuwa ndefu na ya kina kwa sababu damu ilijaa asidi ya laktiki. Vimelea huziba mishipa midogo na kubomoa chembe nyekundu. Viungo vinavyokosa oksijeni huunguza sukari nusunusu, na mabaki yake ni asidi hiyo. Mtoto aliyepungukiwa sana damu alipoongezwa damu bila kucheleweshwa, mara nyingi pumzi yake ilitulia. Hakupewa chochote cha kufuta asidi. Alipewa kilichokosekana.

Hata hivyo utafiti uliobadilisha fikra za dunia ulikuja baadaye. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, zaidi ya nusu yao wakiwa na malaria, waliingizwa katika utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo ya Teule kule Muheza. Karibu nusu ya watoto hao walikuwa na asidi nyingi kwenye damu. Mantiki ya vitabu ilisema: mzunguko hafifu ndio chanzo, basi mpe maji mengi ya dripu haraka. Kundi moja lilipewa saline, yaani maji ya chumvi, kwa haraka, la pili albumini, la tatu maji ya taratibu tu. Mapema mwaka 2011 utafiti ukasimamishwa. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na 10.5 ya waliomiminiwa, dhidi ya 7.3 ya wasiomiminiwa.

Nadhani hakuna namba zilizowahi kutoka Afrika Mashariki zenye uzito kuliko hizo kwa anayejifunza jambo hili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulitaja sababu kadhaa zinazoelekea kuwa zilifanya kazi pamoja: maji yaliizimua damu ambayo tayari ilikuwa nyepesi, yalielemea mapafu na ubongo, na saline yenyewe iliongeza asidi. Chupa ya saline ina kloraidi milimoli 154 kwa lita wakati damu ina kama 100 tu, na kloraidi ikizidi, bikabonati hushuka. Dawa iliyokusudiwa kupunguza asidi ilichangia kuiongeza. Ni lazima niseme wazi kwamba watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo katika utafiti huo. Mtoto aliyekauka kwa kipindupindu akinyimwa maji kwa jina la FEAST atakufa bila sababu.

Saline hiyohiyo ni dawa kwa mtu mwingine kabisa. Mjamzito anayetapika wiki nzima, au mtoto mchanga mwenye tundu la tumbo lililokazana anayerusha maziwa kila akinyonya, hupoteza asidi ya tumbo pamoja na kloraidi. Damu yao huelemea alkali, potasiamu hushuka, misuli hulegea. Figo zingependa kuimwaga bikabonati iliyozidi lakini haziwezi kabla hazijapata kloraidi, na saline inayo, pamoja na potasiamu inayoongezwa. Sifa iliyodhuru Muheza na Kilifi ndiyo inayomponya mgonjwa huyu.

Kuharisha huenda kinyume chake, kwa kuwa maji ya utumbo mdogo na mkubwa yana bikabonati nyingi na yote hutoka. William O'Shaughnessy aliligundua hilo kwa wagonjwa wa kipindupindu Uingereza mwaka 1831, na mwaka uliofuata Thomas Latta akawa wa kwanza kuwatia maji ya chumvi mshipani. Pakiti ya ORS iliyopo kila duka la dawa Arusha ina historia hiyo ndani yake. Zamani ilikuwa na bikabonati; sasa ina gramu 2.9 za sitreti, kwa sababu haiharibiki upesi kwenye joto na unyevu. Sitreti ni chumvi ya asidi ya ndimu. Ini likiipokea huigeuza kuwa bikabonati.

Hapo ndipo naona wauzaji wa maji ya alkali wanavyowapotosha watu. Madai yao yanasambaa kwa simu: mwili umejaa asidi, asidi huleta saratani, kunywa maji yenye pH 9. Ndimu ni chachu na huishia kuwa alkali. Maziwa mgando yaliyomo kwenye loshoro ni machachu na hayajawahi kumtia mtu mwenye afya asidi ya damu. Maji ya pH 9 yakifika tumboni hukutana na asidi kali yenye pH ya 2 au pungufu, na yote huishia hapo. Robert O. Young, mwandishi Mmarekani aliyeieneza imani hii kuliko wengi na kuwatia wagonjwa wa saratani bikabonati mshipani, alihukumiwa kifungo huko California mwaka 2017 kwa kutibu watu bila leseni.

Tena ajabu ni kuyauza maji hayo hapa. Maji mengi ya visima na chemchemi za Meru tayari yana bikabonati ya sodiamu kwa asili, kutokana na miamba ya volkano, na kinachowasumbua wananchi ni floraidi iliyomo, inayotia meno rangi ya kahawia na kupindisha mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huku hukipita. Magadi ya kulainishia maharage ya makande nayo hubeba floraidi. Kutia punje kidogo kwenye sufuria hakubadili pH ya damu ya mtu mwenye figo nzima, lakini kulamba magadi kila siku kwa ajili ya kiungulia ni kujiongezea sodiamu na floraidi bila kutibu chanzo chake. Ukitaka kumwona kiumbe anayeishi kweli ndani ya alkali, nenda kaskazini kwenye Ziwa Magadi la Kenya. Samaki wadogo wa pale huogelea katika maji ya pH 10 hivi. Samaki wengi huachia amonia kupitia matamvua, jambo lisilowezekana katika maji yale, kwa hiyo hawa hutoa urea, kama sisi. Watafiti, akiwemo Geoffrey Maloiy wa Nairobi, walilieleza hilo mwaka 1989. Mwili wao uliumbika hivyo kwa vizazi vingi. Wetu haukuumbika hivyo.

Asidi nyingine huingia kwa kinywaji. Pombe iliyochanganywa na methanoli haina dalili nyingi saa za mwanzo. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na kesho yake mtu huhema, hutapika na kuona ukungu mpaka upofu. Kenya ilizika watu wengi kwa pombe ya namna hiyo Mei 2014, Embu na Kiambu zikiwemo. Mgonjwa huyo hutofautishwa na wa kuharisha kwa hesabu nyepesi: chukua sodiamu, toa kloraidi na bikabonati. Baki ikiwa ya kawaida, kama 8 hadi 12, bikabonati imepotea. Ikiwa kubwa, asidi ngeni imeingia. Kwa mtoto mwenye utapiamlo hesabu hiyo hudanganya, maana albumini yake iliyoshuka huipunguza baki na kuificha asidi.

Kwa figo zilizochoka asidi hujikusanya polepole, bila kishindo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Moshi na viunga vyake ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima, na mjini kwa zaidi ya hapo. Hawa ndio wanaofaidika na vidonge vya bikabonati, kwa kipimo cha daktari, kwa sababu kwao ndicho hasa kilichopungua.

Nimemweka mwisho mgonjwa wa kisukari kwa kuwa kwake kosa la kusoma pumzi huua kwa urahisi zaidi. Adolf Kussmaul, daktari Mjerumani, aliielezea pumzi yake mwaka 1874: ya kina, ya mfululizo, kwa mtu anayeelekea kupoteza fahamu. Insulini ikikosekana, sukari hujaa kwenye damu lakini haiingii kwenye chembe, mwili huanza kuunguza mafuta, na mafuta hayo huacha ketoni, ambazo ni asidi. Tangu insulini ilipotumika kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 1922, hali hii inatibika: maji, insulini, na potasiamu inayofuatiliwa kwa makini, kwa kuwa insulini huirudisha ndani ya chembe na moyo unaweza kusimama. Bikabonati haihitajiki ila pH inaposhuka kupindukia. Insulini ikifanya kazi, mwili wenyewe hugeuza ketoni kuwa bikabonati.

Watafiti Swai, Lutale na McLarty walifuatilia kisukari cha vijana Dar es Salaam kwa miaka kumi na kuchapisha matokeo mwaka 1993, na walikuta wachache. Lakini haiwezekani kuhesabu katika kliniki mtoto aliyekufa kabla ya kugundulika. Dalili zake huanza kimya: anakunywa maji mno, anarudi kukojoa kitandani, anakonda. Kisha anaumwa tumbo, anatapika, anahema. Malaria inapimwa, hakuna. Anapewa dawa ya kichomi, au ya tumbo, anarudishwa nyumbani. Aliyekwisha kujulikana naye hukumbwa siku akiugua homa: hawezi kula, kwa hiyo nyumbani wanaamua asichome insulini, wakati homa imeongeza mahitaji yake ya insulini. Mashine ya gesi za damu haipo katika vituo vingi vya afya. Kipimo cha sukari cha tone la damu ya kidole kipo hata katika vingi visivyo na mashine hiyo, na huchukua sekunde chache. Anayehitaji kupimwa ni mtoto yule anayehema sana huku mapafu yake, yakisikilizwa, ni safi.